Kusafisha utumbo kabla ya kolonoskopi: kwa mgonjwa wa Tanga anayepimwa Dar es Salaam

Kwa kolonoskopi, kipimo cha kuingiza kamera ndani ya utumbo mpana kupitia njia ya haja kubwa, daktari huona saratani ya utumbo mpana kwa macho, hukata kipande cha kupeleka maabara, na huondoa polipi, vile vijinyama ambavyo baadhi hugeuka saratani miaka ikipita. Lakini kamera haipenyi kinyesi. Utumbo ukiwa mchafu, polipi bapa hufichika na kipimo hurudiwa.

Wiki moja kabla, acha vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma. Hufanya choo kiwe cheusi na kigandie kwenye kuta za utumbo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini na klopidogreli, au dawa za kisukari asijiamulie. Aulize siku anayopangiwa kipimo, si asubuhi ya safari.

Siku tatu kabla, jikoni kwa Tanga ndipo penye mtihani: kisamvu, matembele, maharage, korosho, machungwa ya Muheza, vyote weka kando. Ufuta na mbegu za nyanya huziba njia ya kunyonyea ya kamera. Kula wali mweupe, mkate mweupe, mayai, changu wa kuchemsha. Siku moja kabla ni vinywaji vinavyopitisha mwanga tu: maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa, maji ya dafu (mwenye ugonjwa wa figo ayaache). Uji hapana, maziwa hapana, na juisi ya choya hapana kabisa, maana wekundu wake hudhaniwa damu.

Dawa inayotumika sana ni poda ya polietilini glikoli, inayochanganywa kupata lita 4. Kama kipimo ni saa 4 asubuhi, kunywa lita 2 kuanzia saa 12 jioni, gilasi ya mililita 250 kila dakika 15. Zilizobaki anza saa 11 alfajiri, umalize saa 1. Wengi humaliza zote jioni ili walale. Lakini usiku nyongo na ute hushuka kutoka utumbo mdogo na kuupaka upande wa kulia wa utumbo mpana, mahali ambapo polipi bapa hupenda kukaa. Karatasi ya hospitali ikitaja saa nyingine, ifuate hiyo.

Usiinywe kisha ukapanda basi! Safari ni zaidi ya kilomita 300. Fika mchana wa siku ya kabla, ulale penye choo cha karibu.

Dawa ipoze, inywe kwa mrija. Ukitapika, pumzika nusu saa, endelea polepole. Tumbo likijaa, likauma sana na choo kisitoke, acha na uende hospitali: huenda utumbo umeziba.

Uko tayari ukitoa maji ya njano angavu kama mkojo. Yakiwa ya kahawia, mwambie muuguzi kabla ya sindano ya usingizi. Nenda na msindikizaji. Saa 24 zinazofuata usiendeshe gari wala pikipiki.

Gesi baadaye ni kawaida. Damu nyingi, homa au maumivu makali si kawaida. Ukiwa umesharudi Tanga, nenda hospitali ya Bombo usiku huohuo, na karatasi ya kipimo mkononi.