Pima kina cha kisima kabla ya kuongeza ekari

Wakulima wengi wa zabibu na mbogamboga mkoani Dodoma waliofunga pampu za sola wameondokana na gharama ya dizeli, na hiyo ni nafuu kubwa. Ila bei ya dizeli ndiyo iliyokuwa ikimlazimisha mtu azime pampu. Sasa jua likiwaka maji yanatoka, na mtu anaongeza ekari kabla hajajua kisima chake kinamudu kiasi gani. Hilo linanitia hofu.

Katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji, vipo visima vinavyolisha Dodoma, na kina cha maji yake kimepimwa tangu miaka ya 1950. Vipimo hivyo vinaonyesha kwamba maji ya chini ya ardhi hayajazwi sawasawa kila mwaka. Misimu mingi mvua huishia kwenye udongo wa juu, ikanywewa na mimea au kukaushwa na jua. Kisha huja msimu mmoja mkubwa, kama ule wa El Niño wa 1997/98, maji yakapanda kwa kishindo, halafu yakashuka kidogo kidogo kwa miaka. Ni kama ghala linalojazwa mwaka mmoja ili liliwe miaka kadhaa. Ukikuta kisima kimejaa baada ya mvua kubwa, usipange shamba kana kwamba kitajaa hivyo tena mwakani.

Kupima hakuhitaji mtaalamu. Chukua kamba isiyovutika, weka alama kila nusu mita, na ufunge mwishoni kipande kifupi cha bomba la chuma kilicho wazi upande wa chini. Kikigusa maji utasikia mlio. Pima alfajiri kabla ya kuwasha pampu, ukianzia alama ileile ukingoni mwa kisima, na usafishe kamba kwa maji yenye klorini kwanza. Kwa kisima kirefu kilichofunikwa, mwambie fundi siku anapofunga pampu aache bomba jembamba la kupimia, kwani baadaye itabidi aing'oe pampu yote. Andika tarehe na kina kwenye daftari, angalau mara moja kwa mwezi.

Linganisha Oktoba na Oktoba, si Oktoba na Mei. Maji yakishuka kiangazi ni kawaida. Hatari ni pale kila Oktoba yanapokutwa chini kuliko Oktoba iliyopita. Hapo punguza eneo la mboga msimu unaofuata na ulinde mizabibu, maana mche wa miaka mingi ukifa hasara yake ni kubwa. Usikimbilie kuchimba zaidi. Sehemu kubwa ya Dodoma maji hukaa kwenye mwamba uliooza na kwenye nyufa. Chini ya hapo mwamba ni mzima, na unaweza kulipia mita nyingi kavu.

Mboga zilizokomaa, kwenye kiangazi kikali, zinaweza kuhitaji milimita 5 za maji kwa siku. Kwa ekari 1 hizo ni takriban lita 20,000. Pampu inayotoa lita 3,000 kwa saa itafanya kazi karibu saa 7 kwa ekari hiyo moja tu, bado hujahesabu yanayopotea njiani.

Umwagiliaji wa matone hupunguza upotevu, nami naushauri kwa moyo wote, pamoja na matandazo ya nyasi kavu. Lakini mkulima akitumia maji aliyookoa kuongeza ekari ya pili, kisima hakijapata nafuu yoyote. Kabla ya kufungulia maji, chimba sentimita 30 karibu na mche na ufinyange udongo kiganjani. Ukishikamana vizuri, subiri kesho.

Mvua inaponyesha, makinga maji yanayofuata kontua, yaani yanayokata mteremko kwa usawa, husaidia maji yazame badala ya kukimbia, na kando ya mto acha mita 60 bila kulima, kama Sheria ya Mazingira ya 2004 inavyotaka.

Visima vya jirani vinaweza kuvutana maji, kwa hiyo pimeni pamoja, siku moja, mkiwa mmezima pampu zote tangu jioni. Daftari hilo mlipeleke pia ofisi ya bonde la maji la eneo lenu, kama Bonde la Wami/Ruvu, mnapoomba kibali cha kutumia maji kwa umwagiliaji.