SOMO: Jinsi ya kumchukua mbwa kijana wa kituoni mpaka akazoea nyumbani kwako

Habari zenu wadau. Mimi najitolea kwenye kituo kimoja cha mbwa hapa Dar, naendaga kila Jumamosi asubuhi, na kuna kitu kinaniuma sana. Watu wakija wanataka vitoto vya miezi miwili vinavyobebeka, au wanataka jibwa la ulinzi lililokamilika, hawa wa katikati wanaokaribia mwaka wanarukwa tu, wanakaa bandani wiki baada ya wiki.

Tunaye mmoja tunamwita Karanga, rangi yake ni ile ya karanga zilizokaangwa zikaiva. Aliokotwa karibu na soko akiwa na waya shingoni umeshaingia kwenye nyama, sasaivi pamepona umebaki mstari usioota manyoya. Wageni wakija anajibana nyuma ya ndoo ya maji anatetemeka, wanasema huyu mwoga hatolinda, wanapita. Lakini mimi nikikaa chini nikampa mgongo nikaweka dagaa kiganjani, kama dakika kumi hivi nasikia pumzi yake ya moto mkononi, anachukua dagaa mmoja mmoja kwa midomo, meno hayagusi ngozi kabisa. Huyo ndiye wanayesema hafai. Basi tuanze.

Hatua ya 1: Nenda zaidi ya mara moja

Usichague siku ya kwanza. Bandani kuna kelele tangu asubuhi, mmoja akibweka wote wanafuata, kwa hiyo unachokiona pale ni mbwa aliyechoka, bado hujaona tabia yake. Omba atolewe nje mkae naye kivulini, usimkazie macho, usimshike kichwa kwa juu maana kwa mbwa wa mtaani mkono ukiinuka anajua jiwe linakuja, mwache akunuse yeye kwanza. Mara ya pili nenda na watoto kama unao. Mara ya tatu ndo utamwona mwenyewe alivyo.

Mwangalie na mwili. Meno ya utoto yako 28, yanaanza kung'oka kwenye miezi 4, na akifika kama miezi 7 anakuwa na yote 42 ya ukubwa. Karanga anayo yote, meupe hayana ugaga, ndo maana tunamkadiria kama mwaka. Fizi ziwe za pinki, zikiwa nyeupe fikiria minyoo au homa ya kupe. Halafu chungulia ndani ya masikio na katikati ya vidole, kupe wanapenda kujificha huko.

Hatua ya 2: Malizana na watu wa nyumbani

Kama umepanga ongea na mwenye nyumba na wapangaji wenzio KABLA, sio mbwa ameshafika ndo mnaanza kikao. Pia mjue Desemba mkienda kijijini nani anabaki naye. Wengi wanaorudishwa kituoni wanarudishwa kwa sababu hizi, mbwa hana kosa lolote.

Hatua ya 3: Chanjo na minyoo

Uliza kadi yake, isome tarehe. Chanjo ya kichaa cha mbwa inaanza akiwa na miezi 3 kisha inarudiwa kwa ratiba atakayokuandikia daktari, kawaida kila mwaka. Kuna na ya magonjwa mengine ikiwemo pavo, ule ugonjwa wa kutapika na kuharisha damu ambao unaua vitoto haraka sana, mbwa kijana ambaye historia yake haijulikani anachomwa mara mbili zikipishana wiki 3 au 4. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, karibu na hapo mara nyingi kunakuwa na kampeni za chanjo, ulizia kwa afisa mifugo wa kata yako. Na nawaomba jamani, msinunue dawa za sindano za ng'ombe mkakisia kipimo wenyewe, mbwa wanakufa hivyo. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo.

Hatua ya 4: Safari

Chukua bajaji au gari, bodaboda usijaribu. Asile kabla ya safari, maji kidogo tu. Afungwe mkanda wa shingoni unaoingiza vidole viwili, na kamba uishike wewe mpaka geti limefungwa, maana mbwa anayeponyoka siku ya kwanza hajui hata kwenu ni wapi, akiingia barabarani ndo basi tena.

Hatua ya 5: Siku za mwanzo (hapa ndo penyewe)

Watu wa vituo wana hesabu yao, siku 3, wiki 3, miezi 3. Siku 3 za kutulia, wiki 3 za kujua ratiba ya nyumba, miezi 3 za kujiona yuko kwao. Hizo siku tatu usiite majirani kuja kumwona, usimwogeshe, usimpakate. Mpe kona moja yenye kivuli, gunia au shuka kuukuu, bakuli la maji. Banda la bati tupu kwa jua letu la Januari linakuwa oveni, na mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anahema tu, kwa hiyo weka makuti juu au lijenge chini ya mwembe.

Kaa naye karibu bila kumsemesha sana. Soma, menya vitunguu, chambua mchele, yeye akuangalie. Atakapokuja mwenyewe akalala mita moja na wewe akapumua kwa nguvu ile pumzi ndefu, jua kazi imeshaanza kwenda.

Na mnyororo wa kutwa nzima hapana. Watu wanadhani unamfanya mkali, kumbe unamfanya awe na hofu, na mbwa mwenye hofu anauma yeyote, hata mtoto wako. Fungua usiku azunguke ua. Kumtesa mnyama ni kosa hata kisheria, tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Hatua ya 6: Msosi

Ugali na dagaa, utumbo uliochemshwa, vichwa vya samaki vilivyoiva vikatolewa miba, mara mbili kwa siku. Usimpe mabaki ya mchuzi wenye vitunguu, vitunguu vinaharibu damu yake, na chokoleti ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vipande vikali, itupeni.

Karibuni maswali.

---

Bint Mzizima: Assalam aleykum dada. Kwetu Waislamu, mama hataki hata kusikia habari ya mbwa, ila wezi wametuingilia mara mbili. Inawezekana kweli?

Jibu: Waaleykum salaam mdogo wangu. Mimi pia Mwislamu. Mbwa wa ulinzi ameruhusiwa, kwetu Mashafii jambo kubwa ni mate na unyevu wake, chombo alichokilamba kinaoshwa mara 7, moja iwe kwa udongo. Kwa hiyo banda nje, bakuli lake haliingii jikoni, na mimi nina dera la kituoni tu, la kuswalia halikaribii huko. Mama usimlazimishe, mkaeni mkamuulize shehe wa msikiti wenu, akisikia kwake moyo utatulia.

Mzee wa Goba: Wangu ana siku ya pili hajala kitu, amejikunja tu kwenye kona.

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Siku moja au mbili ni hofu, ila maji lazima anywe. Mwekee chakula jioni watu wakishaingia ndani, uondoke kabisa asikuone. Akifika siku ya tatu hajala, au akitapika au kuharisha hata leo, usisubiri, daktari.

Fundi Side: Mkuu nasikia wanasema lazima ahasiwe. Si atakuwa zezeta sasa, atalinda nini?

Jibu: Hapana kaka. Anabweka kwa sababu pale anapajua ni kwake, hiyo haitolewi na kisu. Kinachopungua ni kuruka ukuta kufuata majike na kurudi na vidonda. Jike anapata joto kama mara mbili kwa mwaka na mimba ni siku 63 tu, fikiria vitoto sita saba ukawatafutie wote kwa kwenda, wengine ndo hao wanaotupwa sokoni usiku kwenye boksi.

Mama Nana: Dada nina watoto wadogo, akimuuma mmoja bahati mbaya na amechanjwa, bado niende hospitali?

Jibu: Nenda mama, siku hiyohiyo. Ila kwanza osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, shika saa. Usipake majivu wala pilipili wala mafuta. Kichaa kikishaonyesha dalili hakuna kupona, kwa hiyo hatubahatishi. Kadi ya mbwa beba nayo. Na mbwa asiuawe, afungiwe aangaliwe siku 10, hiyo inamsaidia daktari kuamua.

Fundi Side: Sawa nimekuelewa. Huyo Karanga bado yupo?

Jibu: Yupo kaka. Jana amekula nikiwa nimemgeukia, mara ya kwanza. Njoo Jumamosi mapema kabla ya saa 3, jua likiwaka analala. Vaa nguo za kawaida, acha buti za kazini maana buti anaziogopa sana, na pitia dagaa wakavu kidogo wasio na chumvi.