Jinsi ya kupanda milima na mwenza wako bila kuachana njiani

Kitu kilichotutesa mimi na mke wangu miaka ya mwanzo sio mvua wala miinuko, ni mwendo. Mimi nina miguu mirefu, yeye anaenda taratibu ila hachoki, sasa nilikuwa natangulia nikifika konani nakaa namsubiri, akitokea tu nanyanyuka haya twende, yaani mimi nimepumzika dakika kumi yeye hajapumzika hata moja. Siku moja nikarudi nyuma kumtafuta nikamkuta kakaa juu ya jiwe analia, akaniuliza "tumekuja wawili au kila mtu kaja kivyake?" Toka siku ile anatangulia yeye.

Kwaiyo la kwanza ndo hilo, mwenye mwendo mdogo akae mbele na wa nyuma asimpumulie mgongoni. Mkiwa mnapanda muwe mnaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema, mkianza kukatisha maneno punguzeni. Na mkisimama, aliyefika wa mwisho ndo anasema lini mnaondoka.

Muda msikadirie kwa macho. Kuna kanuni ya Mskochi mmoja anaitwa Naismith, ya mwaka 1892 lakini bado inafanya kazi, saa moja kwa kila kilomita 5, alafu unaongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Mfano njia ya kilomita 10 yenye kupanda mita 900 ni saa mbili jumlisha saa moja na nusu, tatu na nusu, na hapo hamjapumzika wala kupiga picha, sisi tunaongeza nusu yake tena. Alafu kabla ya kutoka mnapanga saa ya kugeuza, tuseme saa nane mchana, ikifika mnageuza hata kama kilele mnakiona pale.

Viatu. Nunua jioni, manake miguu inakuwa imevimba kidogo kama itakavyovimba njiani, na vaa soksi zilezile utakazotembea nazo. Kata kucha siku moja mbili kabla, la sivyo kwenye mteremko vidole vinagonga mbele mpaka kucha inakuwa nyeusi. Na ukihisi moto sehemu yoyote ya mguu simama hapohapo ubandike plasta, sio mkifika. Mke wangu aliwahi kuhisi moto kisiginoni akanyamaza asinicheleweshe, jioni anavua soksi ngozi ikaja nayo, pale kisiginoni pamebaki pekundu pabichi, kesho yake hakuweza hata kuvaa ndala. Siku hizi mmoja akisema "moto" tunasimama wote na hakuna kununa.

Mizigo mgawane lakini vitu vya uhai kila mtu abebe vyake: maji, tochi, koti la mvua, ramani iliyoshushwa kwenye simu na filimbi. Ukungu ukiingia mnaweza kupotezana ndani ya dakika mbili, na kama maji yote yako begi moja, mmoja wenu hana kitu. Filimbi ya kuomba msaada kwenye milima ya Ulaya ni mara sita ndani ya dakika moja, unatulia dakika moja, unarudia, anayekusikia anajibu mara tatu. Namba ya dharura kule ni 112.

Kabla ya kwenda nje ya nchi fanyeni majaribio karibu na nyumbani, siku mbili mfululizo, mabegi yaleyale viatu vilevile. Siku ya pili ndo inasema ukweli, ya kwanza kila mtu anaweza. Tour du Mont Blanc, yaani njia ya miguu inayozunguka mlima Mont Blanc, ni kama kilomita 170 kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, wengi wanaimaliza kwa siku kumi hivi, na vitanda vya njiani kiangazi vinajaa mapema mno kwaiyo bukini kabla. Mkitaka Inca Trail ya Peru, ile njia ya miguu ya kwenda Machu Picchu, msipange Februari, inafungwa mwezi mzima kila mwaka, na kibali mnapata kupitia kampuni yenye leseni tu.

Mkivuka mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, haraka inaua, manake hewa ni nyembamba na mwili unataka muda wa kuizoea. Sehemu ya kulala isipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne lala palepale siku ya ziada. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja, msipande tena mpaka viishe, vikizidi mnashuka. Shida ni kwamba anayeumwa mara nyingi anakataa, anasema niko poa twende, sababu hataki kukuharibia safari. Usimsikilize, mwambie atembee mstari mmoja ulionyooka, kisigino mbele ya vidole. Akiyumba mshushe saa hiyohiyo hata kama ni usiku, na mnashuka wote wawili.