Stresi imekubana? Hivi ndo unafanya zoezi la kutakia watu mema

Wiki ya kufungua shule Kampala unaona sura za watu zimebadilika, ada haijatimia, landilodi anapiga simu, jam ya Jinja Road haisongi, na usiku ukilala unaamka saa nane macho makavu kabisa. Mwili hauulizi kama ni deni au ni simba, wenyewe unapiga moyo mbio na kukaza mabega tu. Kuna zoezi moja la akili ambalo nalipenda sana kwa sababu halitaki pesa wala chumba cha peke yako, unamtakia mtu mema kimoyomoyo, kwa utaratibu, mpaka moyo wenyewe unalegea.

Limetoka kwa Wabuddha, wao wanaliita metta, na hapa hapa kwetu linafundishwa pale Uganda Buddhist Centre upande wa Entebbe, kituo alichoanzisha Mganda mwenzetu, Bhante Buddharakkhita, mwaka 2005. Lakini huhitaji kubadili dini jamani, Mkristo baki na kanisa lako, Mwislamu na swala zako, kuombea watu tumezoea toka utotoni.

Kaa popote, kwenye taksi, nyuma ya meza yako sokoni, kitandani. Miguu igusane na chini. Pumua mara tano sita, ukitoa pumzi iwe ndefu kuliko ulivyovuta, hiyo ndo inashusha mapigo ya moyo. Macho ukitaka funga, ukiona yakifungwa mambo mabaya ya zamani yanarudi basi acha wazi, angalia sehemu moja.

Sasa anza na wewe mwenyewe, sema polepole ndani: niwe salama, niwe na afya, moyo wangu utulie, maisha yasinilemee. Wengi hapa wanakwama, kujitakia mema wanaona kama ni kujipendelea. Ukikwama usilazimishe, anza na mtu ambaye kumpenda hakukuchoshi, jaja (bibi au babu) aliyekulea, mtoto, rafiki wa toka shule, mwone akicheka halafu umwambie hayo hayo, uwe salama, uwe na afya, kisha rudi kwako. Walimu wa zamani wa Kibuddha walionya usianze na marehemu, wala na mtu unayemtamani kimapenzi, wala na adui. Nawaunga mkono kabisa.

Baada ya hapo chukua mtu usiyemjua vizuri, yule wa boda pale steji au dada anayekukaangia roleksi (chapati ya mayai) asubuhi. Watu wanairuka hii hatua na mimi naona ndo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu siku nzima tunapita watu kama vile ni nguzo, na ukianza kumtakia mema mtu ambaye hakudai chochote na wewe humdai unaona tu jiji linapunguza makali. Unaweza kuifanya ndani ya jam, mtu mmoja mmoja kupitia dirishani.

Mwenye kukuudhi anakuja mwisho, tena anza na mwenye kosa dogo, jirani wa redio kubwa, siyo aliyekula hela zako za biashara. Na hapa tuelewane vizuri. Kumtakia mema aliyekukopa hakufuti deni, kesho beba karatasi zako uende kwa mwenyekiti wa LC1 (uongozi wa kijiji au mtaa) kama kawaida, tofauti ni kwamba unaenda kichwa kikiwa kimepoa na unaongea vizuri zaidi. Na dada yangu unayepigwa nyumbani, hili zoezi halikuambii ukae uvumilie, tafuta usalama kwanza, huyo mtu mwache nje ya zoezi kabisa, hayo maneno mazuri yote jipe wewe.

Kuna saa mawazo yanakimbia mpaka maneno hayashiki. Hapo litaje wazo kama wazo: "nimeona nina wazo kwamba nitafukuzwa nyumba." Halafu rudi ulipo, taja vitu vitano unavyoona, sikiliza sauti, bonyeza miguu chini. Ni karibu na yanayofundishwa kwenye kozi ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ambayo nayo inasisitiza wema, kwako na kwa wengine. Waliijaribu kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kule West Nile kaskazini magharibi mwa Uganda, na wakimbizi wanawake karibu 700 wa Sudan Kusini, vipindi vitano vya kusikiliza kwa rekodi wakiwa kwenye vikundi, na utafiti uliotoka 2020 ulionyesha dhiki yao ilishuka zaidi kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Kama imewafaa watu waliokimbia vita, na wewe ipe nafasi.

Dakika kumi kila siku zinatosha, siku zingine utakaa usisikie chochote na ni sawa, maneno yaseme tu. Ila kama wiki mbili zimepita hulali, huli, huwezi kazi, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa wenu, uliza kitengo cha afya ya akili, na kwa Kampala kuna Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili. Kama mawazo ya kujiua yameingia usingoje hizo wiki mbili, mwambie mtu leo akusindikize.