Kufunga geji ya joto la eksozi kwa dizeli: ile waya ya sensa usiikate

Ndugu zangu wa dizeli, hasa nyinyi mnaopakia mzigo hapa Mombasa mkaanza kupanda Mazeras kuelekea Mariakani, geji ya joto la maji peke yake haitoshi. Maji hupata habari kwa kuchelewa. Moshi ndio unajua mapema, na ukizidi digrii 700 hivi kabla ya turbo (ile feni inayozungushwa na moshi kusukuma hewa kwa injini) ukakaa hapo muda, turbo na pistoni ziko hatarini, manake pistoni nyingi ni alumini na alumini tupu inayeyuka kwa 660.

Hatua ya 1, kutoboa. Tundu la sensa liwe kwa manifoldi (chuma kinachokusanya moshi wa injini), pale njia za silinda zote zinapokutana kabla ya turbo. Baada ya turbo ni rahisi kufika lakini joto lishashuka hapo, na linashuka tofauti kulingana na mzigo, utabaki kukisia tu. Fungua manifoldi uitoe nje kabisa. Najua boliti zetu huku zimekula chumvi ya bahari na kuzitoa ni kazi, lakini chenga moja ya chuma ikiingia turbo, ile feni inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, itaharibika hapo hapo. Sensa nyingi ni thredi ya 1/8 NPT (thredi ya paipu ya Kimarekani), drili ya milimita 8.7 inatosha halafu tepu yake ya kukata thredi, tia grisi, kata nusu raundi rudisha nyuma. Ncha ifike katikati ya njia ya moshi.

Hatua ya 2, waya za sensa, na hapa ndipo nataka unisikize sana. Sensa yenyewe ni thamokapo aina ya K, yaani metali mbili tofauti zimeunganishwa kwenye ncha, zikipata joto zinatoa umeme kidogo mno, volti 0.00004 hivi kwa kila digrii moja. Sasa ukiikata ukaunga na waya ya kopa ya kawaida, pale ulipounga panakuwa na mahesabu mengine, tofauti ya joto kati ya hapo na geji inapotea. Niliwahi kuletewa pikapu ambayo geji haipandi vizuri hata ikibeba simiti, nikatoa tepu nyeusi karibu na paipu ya hita nikakuta kopa imeungwa pale. Kiungo kiko digrii 80, kebini iko 30, geji inadanganya 50 kwenda chini! Dereva anaona 680 kumbe ni 730. Waya ikiwa ndefu ikunje nyuma ya dashbodi, ikiwa fupi nunua ya aina ya K yenyewe.

Na rangi pia. Kwa zile za Kimarekani njano ndiyo pozitivu, NYEKUNDU ni negativu, wengi wanakosea hapo kwa sababu nyekundu ya pawa kwenye geji hiyo hiyo ni pozitivu. Za Ulaya zinakuwa kijani pozitivu na nyeupe negativu. Ukizigeuza, moshi ukipata joto geji inashuka. Ipitishe mbali na waya za alteneta na stata, na ikipita kwenye bati kuingia kebini weka mpira kwenye tundu isikatwe na bati.

Hatua ya 3, pawa. Nyekundu kwa laini inayowaka ukiwasha swichi (pima na mita, ukizima iwe sufuri) na fyuzi ndogo kama karatasi ya geji inavyosema, nyeusi kwa athi (chuma cha bodi), kwangua rangi mpaka chuma king'ae ufunge kisha paka grisi, hii hewa yetu haisamehi. Waya ya taa ya geji unga na ya taa za paking. Lori la volti 24 weka konvata ya kushusha volti kwanza kama geji ni ya 12, na usichukue kutoka betri moja, hiyo betri itakufa mapema.

Hatua ya 4, jaribu kabla hujaikaza sensa. Kama geji ni ya namba, chemsha maji kwa sufuria utumbukize ncha, Mombasa tuko usawa wa bahari kwa hivyo isome 100 au karibu. Ya mshale ambayo inaanza juu zaidi, iwashie kibiriti cha gesi uone inapanda.

Halafu ukitoka kupanda kilima usizime mara moja, iache injini ingurume polepole bila mzigo (silensa) mpaka geji ishuke chini ya 200 ndiyo utoe ufunguo.