Kuandaa Safari ya Usiku Mmoja Kando ya Mto Simiyu kwa Skauti Wadogo

Ukikusudia kuwapeleka skauti wa miaka 11 hadi 14 kutembea kando ya Mto Simiyu, upande wa Magu, kabla mto haujaingia Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, chagua kwanza mahali pa kulala, ndipo upange njia ya kufika hapo. Viongozi wengi huanza na njia kwa kuwa ndiyo inayovutia, wakajikuta saa kumi na mbili jioni bado wanatafuta pa kusimika mahema, watoto wamechoka na giza linakaribia.

Mahali hapo pakaguliwe mapema na watu wazima wawili, kwa idhini ya uongozi wa kijiji, kwani wenyeji ndio wanaojua mamba wameonekana wapi na viboko hupandia wapi usiku kwenda malishoni. Njia ya kiboko hujulikana kwa mifereji miwili inayokwenda sambamba, yenye tuta jembamba la nyasi katikati, kwa sababu miguu yake ya kulia na ya kushoto imeachana. Ukiiona, hamia kwingine hata kama kivuli ni kizuri. Mimi hutaka mita 200 au zaidi kutoka ukingoni, tena kwenye mwinuko, kwa maana mvua ikinyesha upande wa Bariadi au Maswa, huko juu maji yanakotoka, mto unaweza kujaa Magu pasipo wingu lolote juu. Kwa hiyo miezi ya Juni hadi Agosti, masika yakiwa yamekwisha, ndiyo inayofaa.

Mwendo wa kilomita sita kwa siku unatosha. Begi la mtoto wa kilo 35 lisizidi kilo 7, na lipimwe kwa mizani kabla ya kuondoka, si kwa kukadiria kwa mkono. Chakula kiwe chepesi na kisichoharibika: unga, dagaa wakavu, na michembe (vipande vikavu vya viazi vitamu) ya kutafuna njiani. Kila mtoto alale ndani ya chandarua, na watu wazima wapokezane zamu ya kukesha.

Ninalolihofia kuliko yote ni maji. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi isiyo na jeraha lolote kwa dakika chache, na huwa vingi zaidi jua linapokuwa kali, yaani saa zile zile ambazo mtoto aliyetembea tangu asubuhi anatamani kuchovya miguu. Kataza kuoga na kuvuka mto kwa miguu, lakini usiishie kukataza. Panga na wenyeji mpate maji ya kisima cha pampu, uweke dumu na beseni kivulini, watoto wanawe na kujimwagia kwa zamu. Ikibidi kunywa maji ya mto, yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe mpaka yatokote vizuri, kwa sababu dawa ya klorini hupungua nguvu kwenye maji yenye tope.

Mtoto aliyeteleza akaingia mtoni asikaripiwe, maana mwenzake ataficha. Andika jina lake, na mzazi aelezwe ampeleke kupimwa choo na mkojo baada ya wiki 6 hadi 8, kwani akipimwa kesho yake, mayai ya vimelea hayatakuwa yameanza kuonekana.