Jinsi ya Kuomba Msamaha wa Kodi kwa Gazeti Huru la Vijana Wahafidhina Nchini Marekani

Gazeti la vijana wenye msimamo wa kihafidhina, hasa lile la chuoni lisilotegemea fedha za chuo, huendeshwa kwa michango, na wafadhili wengi huuliza kwanza kama mchango wao utawapunguzia kodi. Hilo huwezekana gazeti likitambuliwa na Mamlaka ya Mapato ya Marekani, IRS, chini ya kifungu cha 501(c)(3) cha sheria ya kodi ya shirikisho.

Kazi huanzia jimboni. Sajilini shirika lisilo la faida, na katika hati ya usajili wekeni vipengele viwili: kimoja kitaje kwamba shirika lipo kwa madhumuni ya elimu, na kingine kieleze kwamba likivunjwa, mali yake itakwenda kwa shirika jingine lenye msamaha wala si mifukoni mwa waanzilishi. Majimbo mengi hutaka wakurugenzi wawe wametimiza miaka 18, hivyo gazeti la wanafunzi wa sekondari litahitaji watu wazima katika bodi. Mamlaka ya vijana juu ya uhariri yaandikwe mapema katika kanuni za ndani.

Kisha ombeni namba ya utambulisho, EIN, ambayo hutolewa bure na IRS. Jihadharini na tovuti za watu binafsi zinazotoza fedha kwa huduma hiyo hiyo.

Maombi yenyewe hujazwa kupitia Pay.gov, tovuti ya malipo ya serikali ya shirikisho. Fomu fupi, 1023-EZ, ina ada ya dola 275 na ni ya mashirika yasiyotarajia mapato yanayozidi dola 50,000 kwa mwaka na yenye mali isiyozidi dola 250,000. Fomu ndefu, 1023, ina ada ya dola 600. Kwa gazeti lenye msimamo mkali wa kisiasa ningependekeza ile ndefu hata kama mnastahili fupi, kwa kuwa IRS itakuwa imeidhinisha shughuli zenu ikizifahamu kinaganaga.

Sehemu ya maelezo ya shughuli ndiyo inayostahili muda wenu mwingi. Uhafidhina wenyewe si kikwazo. Mwaka 1980 mahakama ya rufaa ya Washington iliamua kwamba kigezo kilichotumika kulinyima msamaha gazeti la Big Mama Rag la Denver hakikuwa wazi kiasi cha kukiuka katiba. Lilikuwa gazeti la watetezi wa haki za wanawake, na leo wahafidhina hufaidika na ushindi wake. Tangu mwaka 1986 IRS hupima namna hoja inavyojengwa: je, maoni yana ushahidi, je, ukweli umepotoshwa, je, lugha ni ya kuchochea na kudhalilisha? Kwa hiyo msiandike, “Tutapambana na upotofu wa mrengo wa kushoto.” Andikeni, “Wahariri wanafunzi huchapisha kila wiki uchambuzi wa matumizi ya chuo na sera za jimbo, kila takwimu ikitajiwa chanzo, na wanaokosolewa hupewa nafasi ya kujibu.” Elezeni pia jinsi usambazaji wenu unavyotofautiana na wa gazeti la biashara, kwa mfano kwa kugawa nakala bure.

Jambo moja halina mjadala. Tangu mwaka 1954 sheria inakataza mashirika haya kumuunga mkono au kumpinga mgombea wa wadhifa wa umma, na tahariri ya gazeti ni kauli ya shirika. Kodi, utoaji mimba, silaha au uhamiaji vyote mnaweza kuviandikia. Kumpigia debe mgombea, hapana.

Maombi yakiwasilishwa ndani ya miezi 27 tangu mwezi wa usajili kwisha, msamaha ukikubaliwa huhesabiwa kuanzia siku shirika lilipoundwa. Baada ya hapo, gazeti dogo huwasilisha taarifa fupi ya 990-N kila mwaka, na likikosa kwa miaka mitatu mfululizo, hadhi yake hufutika yenyewe. Wahariri huhitimu na kuondoka, kwa hiyo tumieni anwani ya kudumu, na mhusika mkuu anapobadilika, ijulisheni IRS kwa fomu 8822-B ndani ya siku 60.